Bunge la Kaunti Linaporejea Februari: Yanayomsubiri Mwakilishi wa Wadi, na Lini Sauti Yako Ina Uzito

Wawakilishi 60 waliochaguliwa katika wadi za Kaunti ya Kakamega, pamoja na wenzao walioteuliwa na vyama, wanarejea bungeni Februari 2026 kuanza mwaka mpya wa vikao. Kwao si mwaka kama mingine. Bajeti watakayoipitisha kufikia Juni 30 itaanza kutumika Julai 1, 2026 na itafika mwisho Juni 30, 2027. Kutoka siku hiyo hadi uchaguzi mkuu wa Agosti 10, 2027 ni siku 41 tu. Ni kweli watapitisha bajeti nyingine Juni 2027, lakini hiyo itasimamiwa na Bunge jipya. Kwa hivyo mwakilishi aliyeahidi zahanati, daraja au soko mwaka 2022 ana nafasi moja iliyobaki ya kupanga, kupitisha na kufuatilia bajeti tangu mwanzo hadi mwisho.

Makala haya yanaeleza yaliyo mezani kwa mwakilishi wako mwaka huu, ni lini ana uwezo wa kubadilisha mambo na ni lini mikono yake imefungwa na sheria. Tunayaeleza mapema kwa sababu wakazi wengi hujitokeza kwa wingi mwezi Mei, wakati ambapo sehemu kubwa ya uamuzi imekwisha kufanywa.

Waraka wa Februari

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inaiagiza Hazina ya Kaunti kuwasilisha bungeni, kabla ya Februari 28 kupita, Waraka wa Mkakati wa Fedha wa Kaunti. Ofisini na bungeni utausikia ukiitwa kwa kifupi CFSP, na ukienda kuuliza ni vyema utumie jina hilo. Haushughulikii barabara moja moja wala zahanati moja moja. Kazi yake ni kusema kaunti inatarajia kupata pesa ngapi mwaka ujao, na kila idara iwekewe kiwango gani cha juu kabisa cha matumizi: afya kiasi hiki, kilimo kiasi hiki, barabara kiasi hiki, maji, elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi, na Bunge lenyewe.

Bunge lina siku 14 za kuujadili waraka huo na kuupitisha, pamoja na marekebisho au bila marekebisho. Hizi ndizo wiki mbili ambazo mwakilishi wa wadi ana nguvu nyingi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Akiona idara ya maji imepewa kidogo huku wanawake wa wadi yake wakitembea kilomita kadhaa na mitungi kichwani, hapa ndipo mahali pa kusimama na kudai kiwango kiongezwe. Kamati ya bajeti ikikubali na Bunge likapitisha, kiwango kinabadilika.

Baada ya hapo mlango unafungwa karibu wote. Kanuni za fedha za kaunti za mwaka 2015 zinasema kwamba Bunge linapopitia makadirio ya bajeti, ongezeko au punguzo katika fungu la idara lisizidi asilimia 1 ya kiwango kilichowekwa. Juu ya hayo, sheria inataka marekebisho yoyote yafuate yale Bunge lilikubali katika waraka wa Februari, na kila shilingi inayoongezwa mahali iwe imetolewa mahali pengine.

Tuchukue mfano wa kuelezea tu, si takwimu ya idara yoyote. Idara iliyowekewa kiwango cha shilingi bilioni 1 inaweza kuongezwa shilingi milioni 10 pekee wakati wa makadirio. Ukizigawa kwa wadi 60, kila wadi inapata chini ya shilingi 170,000. Pesa hizo hazijengi daraja. Sasa mfikirie mwakilishi anayekutana na wakazi 200 mwezi Mei, kila kundi likiwa na ombi lake halali, naye ana nafasi ya asilimia 1. Anaandika kila kitu kwenye daftari, anaahidi kufuatilia, na mwaka unaofuata anaitwa mwongo. Wakati mwingine kosa ni lake. Wakati mwingine ni kalenda iliyomshinda.

Sheria haikumsahau mkazi katika hatua hii ya mapema. Hazina ya Kaunti inapotayarisha waraka lazima itafute maoni ya umma, na ikishauwasilisha bungeni lazima iuchapishe na kuutangaza ndani ya siku 7. Kuna pia Jukwaa la Bajeti na Uchumi la Kaunti, ambalo mwenyekiti wake ni gavana, na ambamo hukaa wawakilishi wa wafanyabiashara, wataalamu, vyama vya wafanyakazi, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee na makundi ya dini. Kama wewe ni mwanachama wa kikundi kilichosajiliwa, uliza ni nani anayekiwakilisha pale na umpe ujumbe wako kabla ya Februari kwisha.

Aprili hadi Juni

Makadirio ya bajeti hufika bungeni kufikia Aprili 30. Hapa ndipo miradi inapoonekana kwa majina: barabara kutoka mahali fulani hadi mahali fulani, wodi ya kina mama, kituo cha kukusanyia maziwa, madarasa ya chekechea. Kamati ya bajeti huzunguka kusikiliza wakazi, kisha Bunge hupitisha makadirio na sheria ya matumizi kabla ya Juni 30.

Je, kwenda kwenye kikao cha Mei ni kazi bure? Hapana. Kiwango cha idara hakibadiliki sana, lakini kilichomo ndani ya idara kinaweza kupangwa vizuri zaidi. Mkazi wa Chevaywa au Kholera anayeonyesha kwamba mradi uliotajwa kwenye kitabu tayari ulijengwa mwaka juzi, au kwamba umeandikwa mara mbili kwa majina mawili tofauti, anaisaidia kamati kuliko mtu anayeomba barabara mpya. Ni vyema pia kuangalia iwapo maendeleo yametengewa angalau asilimia 30 ya bajeti na iwapo mishahara imebaki chini ya asilimia 35 ya mapato. Vipimo hivyo viwili vimo katika sheria na kanuni, na kila mkazi ana haki ya kuuliza kama vimefuatwa.

Bunge likikawia kupitisha sheria ya matumizi hadi Julai, linaweza kuruhusu kaunti itumie kwa muda sehemu isiyozidi nusu ya makadirio. Mishahara na dawa hutangulia, na miradi mipya husubiri.

Pesa zenyewe zinatoka wapi

Wawakilishi wataweka viwango hivyo bila kujua kwa uhakika ni pesa ngapi zitatoka Nairobi. Hili ni jambo la kila mwaka. Kaunti zote 47 hutegemea zaidi mgao wa mapato ya kitaifa, ambao Katiba inasema usipungue asilimia 15 ya mapato yaliyokaguliwa. Kiasi kamili huamuliwa na Bunge la Taifa na Seneti kwa sheria mbili: ya kwanza inagawanya kati ya serikali kuu na kaunti zote kwa jumla, ya pili inasema kila kaunti inapata ngapi. Kwa kipimo, katika mwaka wa fedha 2021/22 mgao wa Kakamega ulikuwa shilingi bilioni 12.39 kati ya shilingi bilioni 370 za kaunti zote.

Mwaka 2025 Seneti ilitaka kaunti zipewe shilingi bilioni 465. Bunge la Taifa likashikilia shilingi bilioni 405.1. Kamati ya upatanishi ikamaliza kwa bilioni 415. Pengo la karibu bilioni 60 baina ya misimamo hiyo miwili si jambo la kisiasa la mbali. Ni hospitali na barabara za kaunti 47, na ndiyo sababu msimamo wa seneta wako katika kura hiyo unafaa kufuatiliwa sawasawa na msimamo wa mwakilishi wa wadi.

Mwaka uliotangulia ulikuwa mgumu zaidi. Sheria ya mgao ilikuwa imekwisha pitishwa kwa bilioni 400.1. Kisha maandamano ya Juni 2024 yakamfanya Rais aondoe Mswada wa Fedha wa kitaifa, na serikali kuu ikasema mapato hayatatosha. Mgao wa kaunti ukarudishwa mezani, mabunge mawili yakavutana, na mwishowe ukatulia kwa bilioni 387.4 mwezi Desemba, wakati nusu ya mwaka wa fedha inakaribia kwisha. Kaunti zilizokuwa zimepanga kwa kiasi cha kwanza zililazimika kukata. Mwanakandarasi aliyekuwa amechimba msingi akaambiwa asubiri, na mkazi akaona shimo lenye nyasi.

Kwa hiyo usishangae mwakilishi akirudi kwenu baadaye mwakani na habari za bajeti ya ziada. Bajeti ya ziada inaruhusiwa na sheria pale mapato yanapobadilika au dharura inapotokea. Uliza tu imepunguza nini.

Fomula inayogawanya pesa baina ya kaunti ni ya nne tangu ugatuzi uanze, na inatumika kuanzia mwaka wa fedha 2025/26 hadi 2029/30. Idadi ya watu ina uzito ndani yake. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,867,579 katika kaunti yetu, wastani wa zaidi ya 31,000 kwa kila wadi, na hilo hutupa sehemu kubwa kuliko kaunti nyingi. Lakini hata mgao ukiwa mkubwa, hufika kwa awamu, mara nyingi kwa kuchelewa, na hakuna shilingi inayotoka katika Mfuko wa Mapato ya Kaunti bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti.

Miswada isiyokamilika

Mbali na bajeti, kuna sheria. Muhula wa Bunge unapokwisha, mswada ambao haujapitishwa hufa pamoja nao. Bunge jipya likiutaka, unaanza upya. Mwaka wa 2027 utakuwa mfupi na wenye kelele za kampeni, kwa hiyo mswada wowote wa maana kwa wakazi unahitaji kusomwa, kupelekwa kwa kamati, kusikilizwa na umma na kupitishwa mwaka huu wa 2026.

Tofauti kati ya mpango tu na sheria tumeiona hapa hapa. Mwaka 2013 serikali ya kwanza ya kaunti, chini ya Gavana Wycliffe Oparanya, ilianza mpango wa Imarisha Afya ya Mama na Mtoto, ambao wengi waliuita Oparanya Care. Mama mwenye uhitaji alipewa shilingi 12,000 kwa awamu sita za shilingi 2,000 alipohudhuria kliniki, akajifungulia hospitalini na kumpeleka mtoto kupata chanjo. Wakati huo ilikuwa hiari ya serikali iliyokuwa madarakani. Mwaka 2017 Bunge la Kaunti lilipitisha sheria ya afya ya mama, mtoto na uzazi wa mpango. Tangu hapo, atakayetaka kuuondoa msingi wa huduma hiyo lazima aende bungeni, mbele ya watu. Bado sheria hailipi bili yenyewe, na bila fungu katika bajeti inabaki karatasi. Lakini mama ana kitu cha kunyooshea kidole.

Mswada ukishapitishwa, Spika humpelekea gavana, ambaye ana siku 14 za kuutia sahihi au kuurudisha pamoja na maelezo ya yale asiyokubaliana nayo. Bunge linaweza kukubali maelezo hayo, au kuyapiga chini kwa kura za thuluthi mbili. Sheria ikichapishwa katika gazeti rasmi, huanza kutumika siku ya 14 isipokuwa imetaja tarehe nyingine.

Mswada mmoja huja kila mwaka na humgusa kila anayeuza nyanya au kuendesha bodaboda: Mswada wa Fedha wa Kaunti. Huu ndio unaoweka ada za soko, leseni za biashara, maegesho, machinjio na huduma za kaunti, na lazima upitishwe ndani ya siku 90 baada ya sheria ya matumizi. Maana yake ni kwamba mjadala wake huiva kati ya Julai na Septemba. Hapo kuna mvutano ambao hauna jibu rahisi. Mfanyabiashara wa Lumakanda anataka ada ishuke, na mfanyabiashara huyohuyo anataka soko lifagiliwe, taa ziwake na choo kiwe na maji. Mwakilishi anayeahidi yote mawili bila kusema pesa zitatoka wapi anastahili kuulizwa swali la pili.

Vilevile kuna kodi ya ardhi. Sheria ya kitaifa ya ukadiriaji wa kodi za ardhi iliyopitishwa mwaka 2024 iliondoa sheria za zamani, na kaunti zinapaswa kulinganisha daftari zao za thamani ya ardhi na utaratibu mpya. Wenye viwanja mjini Kakamega, Mumias na Butere wawe macho kwa matangazo.

Kuhusu miswada hii usidhani kusikilizwa ni hisani. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wakazi hawakushirikishwa ipasavyo. Jaji aliona kwamba tangazo dogo na kikao cha kutimiza wajibu tu havitoshi. Tangu uamuzi huo, hakuna bunge la kaunti linaloweza kulichukulia jambo hili kama mapambo, kwa sababu sheria ikianguka kortini, kaunti inaweza kukosa msingi wa kukusanya ada.

Ripoti ya Mkaguzi

Jarida hili ni la serikali ya kaunti, na serikali ya kaunti ndiyo inayokaguliwa. Hata hivyo ni wajibu wetu kueleza hatua hii bila kuificha.

Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hupewa na Katiba miezi 6 baada ya mwaka wa fedha kwisha ili atoe ripoti, yaani hadi Desemba 31. Bunge la Kaunti nalo lina miezi 3 tangu kupokea ripoti kuijadili na kuchukua hatua. Ripoti ya mwaka uliokwisha Juni 30, 2025 inaangukia basi mwanzoni mwa kikao hiki, katika wiki zilezile ambazo waraka wa Februari uko mezani. Mambo hayo mawili yanafaa kusomwa kwa pamoja. Kama ripoti inasema idara fulani ilirudisha pesa za maendeleo bila kuzitumia, kuna sababu gani ya kuipandishia kiwango? Kama inasema wanakandarasi bado wanadai, je, madeni hayo yametengewa pesa kabla ya miradi mipya kuandikwa?

Swali hilo la madeni na miradi isiyomalizika ni zito zaidi mwaka kabla ya uchaguzi, kwa sababu kishawishi cha kuweka jiwe jipya la msingi ni kikubwa kuliko hamu ya kumaliza jengo la zamani. Hospitali mpya ya rufaa iliyoanzwa katika utawala wa kwanza wa kaunti ikapokezwa utawala wa Gavana Fernandes Barasa ni mfano ambao kila mkazi anaujua. Jengo kubwa huvuka muhula wa gavana mmoja, na kila bajeti inayokuja lazima iamue ni kiasi gani kiende huko na ni kiasi gani kiende kwa zahanati ndogo za mashinani.

Ambayo mwakilishi wa wadi hawezi

Baadhi ya maswali wanayoulizwa wawakilishi kwenye matanga na harusi hayamo kabisa katika mamlaka yao. Sukari ni mojawapo. Kilimo ni kazi ya kaunti, lakini sekta ya sukari, ikiwemo Bodi ya Sukari, husimamiwa na Sheria ya Sukari ya mwaka 2024, ambayo ni ya kitaifa. Bunge la Kaunti linaweza kupitisha hoja, kuita mashahidi na kupaza sauti kwa niaba ya wakulima wa Mumias, Matungu na Malava. Haliwezi kuamua nani aendeshe kiwanda.

Dhahabu nayo. Imechimbwa huku kwetu tangu miaka ya 1930, na sasa macho yapo Isulu na Bushiangala katika kaunti ndogo ya Ikolomani. Leseni za uchimbaji hutolewa na serikali ya kitaifa. Lakini Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inagawanya mrabaha hivi: asilimia 70 kwa serikali kuu, asilimia 20 kwa kaunti na asilimia 10 kwa jamii inayoishi mahali madini yanapotoka. Jinsi kaunti itakavyotumia ile asilimia 20, na kama itaonekana katika bajeti kwa jina lake, ni jambo ambalo mwakilishi wako anaweza na anapaswa kuuliza. Ni nani atakayehesabiwa kuwa jamii hiyo ya asilimia 10 ni swali ambalo familia za Ikolomani zina haki ya kulipata jibu lake mapema.

Basari zina utata wa namna yake. Kaunti inahusika na chekechea na vyuo vya ufundi. Shule za upili na vyuo vikuu ni kazi ya serikali kuu. Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti alitoa waraka akizitaka kaunti ziwe na makubaliano rasmi na serikali kuu kabla ya kutumia pesa kwa basari za ngazi hizo, na waraka huo ukapingwa kortini. Mzazi anayengoja hundi muhula unapofunguliwa hajali ni ngazi gani ya serikali inayobishana na nyingine, lakini ni vizuri ajue kwamba ucheleweshaji wa aina hii hauanzii kila mara katika ofisi ya wadi.

Namna ya kusikika

Maoni ya mdomo kwenye baraza ni mazuri, ila maandishi hukaa. Andika ukurasa mmoja. Taja wadi, kijiji, na jambo lenyewe kwa ukamilifu: si kusema barabara zetu ni mbaya, bali barabara gani, kutoka wapi hadi wapi, na mvua ikinyesha watoto wa shule gani hukwama. Sema iwapo jambo hilo limo katika mpango wa maendeleo wa kaunti wa 2023 hadi 2027, maana mradi usiokuwamo katika mpango ni vigumu kuingia katika bajeti. Kama hujui, msimamizi wa wadi anapaswa kukusaidia kuangalia. Peleka nakala kwa Karani wa Bunge la Kaunti mjini Kakamega na nyingine kwa mwakilishi wako, na uombe nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa. Kiswahili kinatosha kabisa. Ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba.

Jambo likiwa kubwa zaidi, kwa mfano mnataka sheria itungwe au ibadilishwe, mnaweza kuwasilisha ombi rasmi kwa Bunge. Haki hiyo imo katika Sheria ya Serikali za Kaunti, na kuna sheria ya mwaka 2020 inayoeleza utaratibu wake. Ombi linapaswa kueleza mmejaribu kulitatua wapi kabla ya kuja bungeni, mlijibiwa nini, kama kesi ipo kortini, na mnaliomba Bunge lifanye nini hasa. Weka majina na sahihi. Likipokelewa, hupelekwa kwa kamati inayohusika.

Unaweza pia kwenda kukaa na kusikiliza. Katiba inasema vikao vya Bunge la Kaunti na vya kamati zake viwe wazi kwa umma, isipokuwa Spika aone sababu maalumu ya kuvifunga. Ni wachache wanaoitumia nafasi hii. Ni pale tu ndipo utaona mwakilishi wako anasema nini wakati hakuna kipaza sauti cha mkutano wa hadhara, na kama anafika. Mwakilishi akikosa vikao 8 bila idhini ya Spika kwa maandishi na bila sababu ya kuridhisha, Katiba inaruhusu kiti chake kitangazwe kuwa wazi.

Na kwa wale ambao ombi lao halitaingia safari hii: Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, ambao ndio mlango wa kwanza wa bajeti ya 2027/28, lazima uwe bungeni kufikia Septemba 1, 2026. Idara huanza kuuandaa miezi kadhaa kabla, kwa hiyo barua ya Juni au Julai huwakuta wakiwa bado na kalamu mkononi.